Kilomita za Gari la Mtumba

Kanuni ya Kenya inayozuia uagizaji wa magari yaliyozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza hupima umri wa gari bila kupima mwendo wake, na pengo hilo humwumiza mnunuzi. Odometa, yaani kifaa cha dashibodi kinachohesabu kilomita, huweza kurudishwa nyuma, ilhali cheti cha Japani cha kuuzia gari nje huonyesha kilomita zilizosomwa lilipokaguliwa huko. Asiyeonyeshwa cheti hicho hubaki kusoma dalili: mpira wa pedali ya breki uliolika na kiti cha dereva kilichobonyea havilingani na odometa inayosoma kilomita 60,000. Madhara ya kurudisha odometa nyuma ni makubwa, kwa kuwa mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu, hubadilishwa kwa kufuata kilomita, na ukikatika gari likiwa mbioni, katika injini nyingi valvu hugongwa na pistoni na kupinda. Ni dhuluma kumtwika hasara hiyo mtu aliyekopa katika chama chake cha akiba. Serikali imlazimishe kila muuzaji kumkabidhi mnunuzi nakala ya cheti hicho kabla ya kupokea hata malipo ya awali.