Baraza ya Karatasi: Swansea Wameandika Nini Juu Yako?



Ukurasa huu wa karatasi na maofisi, mnaoujua kwa miaka, safari hii unahusu leseni ya gari. Hatusemi juu ya ile kadi iliyomo mfukoni. Tunasema juu ya daftari lililo nyuma yake.

Kila mwenye leseni ya England, Scotland au Wales ana rekodi yake katika ofisi ya DVLA, mjini Swansea. (Walioko Ireland ya Kaskazini wana ofisi yao mbali.) Zamani kadi yenye picha ilifuatana na karatasi, na mtu akipata pointi ziliandikwa humo, kila mtu akaziona. Karatasi hiyo iliondolewa tarehe 8 Juni 2015. Tangu hapo kadi haisemi lolote juu ya makosa yako. Unaweza kuwa nayo, ing'ae, tarehe yake iwe bado miaka saba mbele, na leseni yenyewe ikawa imekwisha kufutwa.

Wako watakaosema tunatia chumvi. Basi sikilizeni yaliyomfika kijana mmoja wa jamaa zetu. Jina tunaliacha, ingawa mwenyewe ametupa ruhusa ya kuyaeleza.

Kijana huyu alifaulu mtihani, akanunua gari dogo, na baada ya miezi michache akahama London kwenda Milton Keynes. Akabadilisha anwani benki, kwa daktari na kwa tajiri wake. Swansea akawasahau. Siku moja kamera ikamkamata amezidisha mwendo kidogo. Kwa kawaida polisi humpelekea barua mwenye gari katika siku 14, kumwuliza nani aliyekuwa akiendesha, naye ana siku 28 za kujibu. Barua ikaenda nyumba ya zamani. Waliohamia humo hawakujua la kuifanya, wakaiweka juu ya mita ya umeme pamoja na nyenzake.

Hapa ndipo watu wengi wasipopajua. Kosa la mwendo peke yake, likiwa dogo, ni faini ya pauni 100 na pointi 3, au pengine mtu hupewa nafasi ya kwenda darasani badala ya pointi. Lakini kutojibu barua ile ni kosa jengine kabisa, nalo lina pointi 6. Katika rekodi huandikwa MS90, na kampuni za bima zikiiona alama hiyo hukunja uso kuliko zikiona mwendo wa kawaida. Na kwa mtu ambaye hajatimiza miaka miwili tangu kufaulu, pointi 6 maana yake leseni inafutwa, arudi kuwa mwanafunzi, afanye mitihani yote miwili upya. Hakimu alikata hukumu kijana hayupo. Barua ya Swansea ya kumwarifu kuwa leseni imefutwa nayo ikaenda kule kule, juu ya mita.

Aliendelea kuendesha kwa miezi, akimpeleka mama yake hospitali, akiwabeba wadogo zake skuli. Hakuwa na leseni, na bima ya mtu asiye na leseni mnaijua thamani yake. Mwenyezi Mungu alimsitiri hakugonga mtu.

Yalifichuka alipopata kazi ya kupeleka dawa majumbani na tajiri akamwomba rekodi. Jumapili usiku akafungua, akayaona. Bahati yake alikuwapo shangazi mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa mawakili, akamwambia usilie, hesabu siku. Mtu aliyehukumiwa bila ya kujua kuwa kuna kesi anaweza kwenda mahakamani kula kiapo cha maandishi kwamba hakuwa na habari, lakini afanye hivyo katika siku 21 tangu siku aliyojua. Zikipita, inabidi kumwomba hakimu akubali kuchelewa. Kijana alikwenda siku ya tisa. Hukumu ikafutwa, kesi ikaanza upya, akakiri mwendo, akapata pointi 3, na leseni ikarudi. Kazi ya dawa ilikuwa imekwisha kupewa mwengine.

Basi namna ya kuitazama rekodi ni hii. Katika mtandao wa serikali, GOV.UK, mna mahali pa kuona leseni yako. Utatakiwa nambari ya leseni, nambari ya Bima ya Taifa, na msimbo wa posta ulioandikwa kwenye leseni. Hakuna malipo hata senti moja. Ziko kurasa za watu binafsi zinazojifanya za serikali na kutoza pesa kwa jambo hili la bure, zipiteni. Humo utaona magari unayoruhusiwa kuendesha, pointi zako, na kama umefungiwa. Tajiri au kampuni ya kukodisha gari ikitaka kuona, unatoa hapo hapo nambari ya siri inayodumu siku 21, uwape hiyo. Iandikeni kama ilivyo, herufi kubwa kubwa na ndogo ndogo, vyenginevyo haikubali. Nambari yenu ya Bima ya Taifa msimpe mtu kwa kazi hii, haimhusu. Asiyetumia kompyuta anaweza kuwaandikia Swansea kuomba habari zake mwenyewe.

Jambo moja huwatega hata waangalifu. Pointi nyingi hukaa kwenye rekodi miaka 4 (za ulevi na dawa za kulevya ni 11), kisha hujifuta. Lakini kampuni nyingi za bima huuliza habari za miaka 5. Kwa hiyo rekodi ikiwa safi haina maana kuwa jawabu ya bima ni "sina". Jibuni lile lililoulizwa.

Kuhusu anwani, kumbukeni kuwa ni mbili: ya leseni na ya kadi ya gari. Kubadilisha moja hakubadilishi nyengine. Zote mbili ni bure, na kutowaarifu kwaweza kukuletea faini hadi pauni 1,000.

Wazee wetu nao wana lao. Waliofaulu mtihani wa gari hapa kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipata pamoja nao ruhusa ya gari la mizigo hadi tani 7.5 na basi dogo la abiria 16, lisilo la biashara. Ndiyo maana kwenye maharusi yetu basi la wageni huendeshwa na mjomba na si mpwawe. Lakini mtu akifika miaka 70 leseni humalizika, huombwa upya kila miaka 3, na ruhusa hizo mbili huondoka ila akiziomba na kupimwa na daktari. Kabla hamjamkabidhi mjomba ufunguo na watu 16, mwambieni afungue rekodi. Haitakuwa utovu wa adabu.

Na nyinyi mama, tunajua huruma yenu. Kumchukulia mwanao au mumeo pointi, ukaandika kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha, hapa ni jinai ya kupotosha haki. Mwezi wa Machi 2013 Chris Huhne, aliyekuwa waziri, na Vicky Pryce, aliyekuwa mkewe, walifungwa miezi 8 kila mmoja kwa sababu ya pointi za mwendo wa mwaka 2003. Mtoto abebe zake.

Siku ya mkutano wetu wa Idi, baada ya chakula, vijana wawili watakaa chumba cha nyuma na kompyuta kuwasaidia wanaotaka kuona rekodi zao. Njooni na leseni, nambari ya Bima ya Taifa, na miwani. Waliohama nyumba tangu Idi iliyopita watangulizwe.