Wazee Wetu na Korbani Yetu

Tumezoea kujisifu kwamba sisi Waafrika tunawaheshimu wazee, na kwamba Wazungu na Wajapani huwatupa wazazi wao mikononi mwa wageni. Ni maneno matamu. Tuyapime.

Japani, karibu watu 29 kati ya kila 100 wana miaka 65 au zaidi. Ujerumani wanapita 20. Kwetu Tanzania hawafiki 5. Wajerumani walianzisha bima ya matunzo mwaka 1995, Wajapani mwaka 2000. Huko Japani kila aliyetimiza miaka 40 huichangia, ili mzee asiye na mtoto karibu apate wa kumwogesha na kumlisha. Ni kweli, wapo wazee Japani wanaokufa peke yao vyumbani, wakagunduliwa baada ya siku nyingi. Huo ni msiba wao. Lakini mzigo wa wazee wengi namna hiyo wameukubali. Sisi wenye wazee wachache tumefanya nini?

Katika vijiji vya Shinyanga na Mwanza bibi zetu wameuawa kwa kuitwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Wekundu huo ni wa moshi wa jikoni, walikotupikia sisi. Kagera na kwingineko, bibi waliolea yatima wa UKIMWI leo hawana wa kuwalea. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumpa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara, mkulima aliyezeeka hutazama barabara, akimngoja mwanawe.

Na mwana huyo yuko wapi? Yuko kwenye harambee ya usharika. Ameahidi mifuko hamsini ya saruji, jina limesomwa, makofi yamepigwa, na mama yake kijijini hana sabuni. Katika Marko 7 Bwana Yesu aliwakemea waliowanyima wazazi wao kwa kusema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu. Mungu hahitaji saruji iliyotolewa kwa njaa ya mama.

Wapo watakaosema kanisa si serikali. Mitume hawakujibu hivyo. Wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, walichaguliwa watu saba wa kuisimamia, kama tusomavyo katika Matendo 6.

Basi, kila usharika uwajue wazee wake kwa majina, na kila mmoja awe na msharika wa kumtembelea kila juma. Bajeti ya diakonia ipitishwe kabla ya bajeti ya jengo. Na anayemwita bibi mchawi aonywe hadharani, hata akiwa mzee wa kanisa. Amri ya nne haikuandikwa kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili peke yao. Inatudai sisi tulio na mishahara, na wazazi wetu hawana miaka mingi ya kungoja.