Gari la Mchina Linagonga, Ndoa Inatikisika

Mwezi huu tuziache kidogo meseji za usiku wa manane na mawifi wenye maneno mengi. Nataka tuongelee kitu kingine kinachonunisha watu ndani ya nyumba: ile ko-ko-ko inayotoka chini ya gari kila likipita kwenye shimo.

Na gari lenyewe likiwa la Kichina, kesi inaisha kabla shahidi hajasimama. Mama anasema, "Si nilikwambia tuchukue Toyota?" Baba ananyamaza, anaongeza sauti ya redio. Kesho yake anapeleka gari gereji kimyakimya, analipa, risiti anaificha. Wiki tatu baadaye sauti imerudi na hela ya ada ya mtoto haionekani. Jamani, hapo tatizo si shokapu tena.

Sisi wa Ifakara hiyo hali tunaijua kuliko watu wa Masaki. Ni kweli lami ya kutoka Kidatu imetufikia, na tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018, kwenda Lupiro na Mahenge hatusubiri tena pantoni kwenye Mto Kilombero. Lakini kazi zetu hazikai kwenye lami. Mwalimu, nesi, bwana shamba, wote mwisho wa siku wanakata kona kuingia barabara ya udongo. Masika, Machi mpaka Mei, bonde linajaa maji. Kiangazi tope lile lile linakauka na kuwa makorongo magumu. Gari dogo lililozoea lami ya mjini, liwe limetoka nchi gani, lazima lilie.

Usihukumu nchi, kagua kifaa

Siwapigii debe Wachina. Ninachosema ni kwamba ukishatamka "ndivyo magari ya Kichina yalivyo", umeacha kutafuta ugonjwa. Bonde hili lenyewe ni shahidi. Reli ya TAZARA inayopita hapa Ifakara ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya mwaka 1970 na 1975, na pale Mang'ula palikuwa na karakana ya ujenzi huo. Hata lile daraja letu la mita 384 limejengwa na kampuni ya Kichina. Uimara na ubovu vinatokana na kazi na matunzo.

Tena chini ya Chery, Haval au pikapu ya Great Wall hakuna uchawi. Kuna springi, shokapu, bushi za mpira, boljointi na linki, kama kwenye mkoko mwingine wowote. Kwa hiyo vipimo ni vile vile.

Pima kabla ya kutoa mshiko

Hivi mnaweza kuvifanya wenyewe Jumapili asubuhi, wawili, bila spana.

Kwanza, upepo wa matairi. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva mara nyingi kinaonyesha kiwango. Tairi lililojazwa kupita kiasi linafanya gari lidunde kama vile shokapu zimekufa, na dawa yake haina gharama.

Pili, kona nne. Gari likiwa sehemu tambarare, egemea kona moja kwa nguvu, libonyee, kisha achia. Likipanda na kutulia, dalili ni nzuri. Likiendelea kunesanesa mara mbili tatu, shokapu ya kona hiyo imechoka. Chungulia pia. Vumbi lenye unyevu kidogo lisikupe presha, lakini shokapu inayochuruzika mafuta haina maisha.

Tatu, urefu. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka katikati ya ringi mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini waziwazi, tafuteni springi iliyokatika au iliyolala. Kwenye pikapu zenye springi za bapa nyuma, angalieni kama kuna pleti iliyokatika au yuboliti zilizolegea. Ile bolti ya katikati ikikatika, ekseli inasogea na gari linakwenda upandeupande kama kaa. Mnaobeba magunia ya mpunga mnanielewa.

Nne, sikilizeni. Mmoja aendeshe taratibu, mwingine atembee pembeni. Ko-ko-ko nyepesi kwenye vishimo vidogo mara nyingi ni linki za stabilaiza au bushi zake, vitu vya bei ndogo kuliko shokapu. Kishindo kimoja kizito ukikanyaga breki au ukiondoka, shuku bushi za ule mkono wa chuma unaoshika tairi, mafundi wanauita kontroli ami. Na gari likilia ukikata usukani likiwa limesimama, beringi iliyo juu ya shokapu ya mbele iko kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kipimo cha tano mwachieni fundi, ila muwepo. Gari lipigwe jeki na liwekewe stendi, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa hata dakika moja. Fundi ashike tairi juu na chini, alitikise. Likicheza, mmoja wenu akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni boljointi. Kisha ashike kushoto na kulia. Likicheza hapo tu, angalieni tairodi. Nawaomba sana, boljointi iliyolegea si ya kusubiri mwisho wa mwezi. Ikichomoka, tairi linalala na usukani haukusaidii kitu.

Hapa ndipo hela zinapopotea

Wapo wanandoa ninaowafahamu, mke nesi, mume mwalimu. Walibadilisha bushi za mbele mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara gari linatoka gereji limetulia, baada ya muda kelele zinarudi. Mke akataka liuzwe. Mume akaanza kudanganya bei za matengenezo ili asisikie lawama. Mke alipokuta risiti, hakuuliza habari ya bushi. Aliuliza, "Ni nini kingine unanificha?"

Mara ya nne walikwenda gereji nyingine, maeneo ya Kibaoni, safari hii wote wawili. Fundi akatoa bushi, akawaonyesha mpira uliochanika kwa kujinyonga. Akauliza swali moja: "Mlipofungiwa hizi, bolti zilikazwa gari likiwa juu au chini?" Juu, tairi zinaning'inia. Basi, siri ikatoka.

Bushi nyingi za kontroli ami zimeshikwa na chuma ndani na nje, katikati ni mpira. Ukiikaza bolti wakati tairi linaning'inia, mpira unashikwa kwenye mkao huo. Ukishusha gari, mkono unapanda na mpira unabaki umenyongwa siku nzima, kabla hata hujagusa shimo. Lazima uchanike mapema. Inatakiwa bolti ziwekwe kwa kulegea, gari libebe uzito wake kama linavyosimama barabarani, ndipo zikazwe. Bushi iwe ya Uchina, Japani au Ujerumani, sheria ni hiyo.

Sikudanganyi kwamba baada ya hapo kila kitu kilikuwa shwari. Shokapu moja ya mbele ilikuwa inavuja kweli, wakanunua mbili, kwa sababu kushoto na kulia hubadilishwa pamoja. Hela ilitoka. Ila safari hii wote walijua imekwenda wapi.

Spea isikupeleke puta

Usimtume mtu Kariakoo kwa jina la gari tu. Modeli moja inaweza kuwa na vifaa tofauti kwa mwaka tofauti. Tuma namba ya chesisi, picha ya kifaa cha zamani na vipimo vyake, upana wa tundu la bolti ukiwemo. Zipo gari za Kichina zilizorithi michoro ya Kijapani, na muuzaji atakwambia "hii inaingia". Inawezekana, lakini linganisha na ya zamani kabla hujalipa. Kuingia na kufaa ni vitu viwili.

Kazi ikiisha, pimeni alaimenti, la sivyo matairi mapya yatalika upande mmoja. Yuboliti zilizofungwa upya zikaguliwe baada ya siku chache za kutembea. Na masika ikipita, osheni gari kwa chini. Tope la mashamba ya mpunga linaganda kwenye springi na kusaga mipira. Buti la boljointi likichanika, mchanga na maji vinaingia na boljointi inakwisha haraka. Kulikagua ni kazi ya dakika mbili.

Makubaliano ya ndani

Mnaomiliki gari moja wawili, jaribuni haya. Wekeni daftari ndani ya gari. Kila matengenezo yaandikwe: tarehe, kilometa, kifaa, bei, na fundi alikuta nini. Kifaa cha zamani kirudi nyumbani, ili wote mkione. Kila mwezi mtenge kiasi cha matengenezo, hata kama gari limetulia, ili siku ikilia msiguse ada ya mtoto. Na gharama ikizidi kiwango mlichokubaliana, hakuna anayelipa peke yake bila kumpigia mwenzake simu.

Dada, ukisikia gari linagonga, usianze na "si nilikwambia". Anza na "tukalipime". Kaka, usiongeze sauti ya redio. Ile kelele anaisikia, na ukimya wako pia anausikia.

Haya, tukutane mwezi ujao. Mpaka hapo, endesheni taratibu na mpendane.