Upungufu Nao ni Somo

Aghalabu mwanafunzi wa Kidato cha Pili husikika akisema, "Hesabu hazinipandi," kisha huiacha fizikia kwa maisha yake yote. Mwalimu naye huafiki, akidhani kwamba mtihani umekwisha kumpima mtoto na kipimo hicho hakitabadilika. Kauli hiyo fupi huipotezea nchi wataalamu wengi. Yafaa basi kutazama jinsi mtu mmoja aliyekuwa na udhaifu huo huo alivyoishi nao.

Michael Faraday, mwana wa mhunzi, alizaliwa karibu na London mwaka 1791. Hakupata shuleni ila kusoma, kuandika na hesabu za mwanzo. Mwaka 1805 aliingia uanagenzi kwa fundi wa kujalidi vitabu, akakaa miaka saba, na vitabu vilivyoletwa kujalidiwa akawa anavisoma. Mwaka 1812 alisikiliza mihadhara ya mkemia Humphry Davy, akaiandika, akaijalidi kwa mikono yake na kumpelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya Royal Institution.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Faraday alijikagua bila kujipendelea. Alijua kuwa mikono yake ni hodari kwa majaribio na kuwa macho yake hayachoki kutazama. Alijua pia kuwa kumbukumbu yake ni dhaifu; kwa hiyo aliandika kila jaribio, hata aya alizozitia nambari katika madaftari yake kati ya mwaka 1832 na 1860 zikazidi 16,000. Alipoona kuwa hajui kusema mbele ya watu, alihudhuria masomo ya ufasaha, na rafiki yake akawa anakaa kati ya wasikilizaji ili amwonyeshe makosa.

Udhaifu wa hesabu haukumwondoka kamwe. Hata hivyo, mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku inayosogezwa karibu na waya huzaa umeme, na kanuni hiyo ndiyo inayoendesha mitambo ya Kidatu hadi leo. Kwa kuwa hakuweza kuandika milinganyo, aliichora nguvu ya sumaku kwa mistari. Mwaka 1857, akiwa mzee wa miaka 66 mwenye sifa duniani, alimwandikia James Clerk Maxwell, kijana wa miaka 26, kumwuliza kama wanahesabu hawawezi kuyaeleza matokeo yao kwa lugha ya kawaida pia. Hakuona haya kuuliza. Maxwell naye aliigeuza mistari ile kuwa milinganyo ambayo wahandisi wanaitumia mpaka sasa.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba habari hii inamruhusu mwanafunzi kuzikimbia hesabu. Bila ya hesabu za Maxwell, mawazo ya Faraday yasingefika mbali jinsi yalivyofika. Linalofundishwa hapa ni kwamba upungufu ukijulikana hutafutiwa dawa: daftari, mwalimu, rafiki, au mwenzi mwenye kipawa kingine. Upungufu unaofichwa hauna dawa.

Kwa hiyo ingefaa kila mwanafunzi, mwisho wa muhula, aandike mambo mawili: analoliweza na linalomshinda, kisha mbele ya hilo la pili aandike atakalolifanya muhula ujao. Mwalimu naye hana budi kufanya vivyo hivyo. Mwalimu anayethubutu kuliambia darasa, "Hili silijui, tulitafute pamoja," hapunguzi heshima yake. Huwaonyesha vijana kwamba elimu haikwishi siku ya kupokea cheti, na kwamba kutokujua kwa leo si hukumu ya maisha.