Dhumna Zisizo na Mchezaji: Vita vya Vietnam na Upofu wa Uhakiki Wetu

Kumekuwa na mazoea, miongoni mwa wahakiki wetu na hata katika kumbi zetu za mihadhara, ya kuisoma fasihi ya vita vya Vietnam kana kwamba ni tanzia ya Marekani. Mwanafunzi hupewa hadithi ya kijana aliyetoka kwao, akaenda kuua watu asiowajua, akarudi amevunjika moyo. Mhadhiri hutaja mwaka 1965, wanajeshi walipotua Da Nang, kisha huandika ubaoni neno moja: kosa. Makala haya yanadai kuwa neno hilo ni hila ya usimulizi. Anayeianzia hadithi hii mwaka 1965 ameshamwondoa mkoloni jukwaani kabla ya pazia kufunguliwa.

Hebu turudi nyuma. Tarehe 2 Septemba 1945 Ho Chi Minh alitangaza uhuru mjini Hanoi kwa hotuba iliyoanza kwa maneno ya Azimio la Uhuru la Marekani la mwaka 1776. Miezi michache kabla, maofisa wa ujasusi wa Marekani walikuwa wameshirikiana na Viet Minh dhidi ya Wajapani. Ho alimwandikia Rais Truman, hakujibiwa. Mwezi uo huo wa Septemba jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Gracey, lililofika Saigon kuwapokonya Wajapani silaha, liliwarudishia Wafaransa silaha na hata kuwatumia askari wa Kijapani waliokwisha kushindwa. Kufikia mwisho wa 1946 vita vya kuirejesha koloni vilikuwa vimepamba moto. Vilipiganiwa mashamba ya mpira, migodi ya makaa, na heshima ya dola iliyoaibishwa na Hitler.

Ni baada ya mapinduzi ya China ya 1949 ndipo vita vile vile vilipobatizwa upya. Februari 1950 Marekani ilimtambua Bao Dai, mfalme aliyesimamishwa na Wafaransa. Mei mwaka huo, mwezi mmoja kabla ya vita vya Korea kuzuka, Truman akaidhinisha msaada wa kijeshi. Kufikia 1954 sehemu kubwa ya gharama ililipwa na Washington. Askari walikuwa wale wale, wakiwamo Wamoroko, Waaljeria na Waafrika wa Magharibi walioandikishwa na Ufaransa. Wanakijiji walioungua walikuwa wale wale. Lililobadilika ni jina. Marekani iliihitaji Ufaransa katika ulinzi wa Ulaya, Truman alishutumiwa nyumbani kwamba ameipoteza China, na Ufaransa ilijua vyema namna ya kuyauza mahitaji hayo.

Watakuwapo wa kusema kuwa Ho Chi Minh alikuwa mkomunisti kweli kweli. Naam, tangu 1920, tena huko huko Ufaransa. Lakini pingamizi hilo linatusaidia sisi. Wazalendo wasio wakomunisti walipoasi Yen Bai mwaka 1930, serikali ya kikoloni iliwakata vichwa viongozi wao. Mkoloni ndiye aliyepunguza orodha ya wapinzani mpaka ikabaki ile iliyomtisha Mmarekani.

Hapa inafaa mhakiki afanye kazi yake halisi, yaani kuichambua sitiari. Tarehe 7 Aprili 1954, mwezi mmoja kamili kabla ya Dien Bien Phu kuanguka, Rais Eisenhower alizilinganisha nchi za eneo lile na dhumna zilizosimamishwa safu moja, ya kwanza ikiangushwa na zote zianguke. Anayecheza dhumna kibarazani (na wasomaji wetu wa pwani watanielewa) anajua kuwa kete haiangushwi na jirani yake. Huwekwa na mkono, kwa kulinganisha nukta. Katika sitiari ya Eisenhower mkono huo haupo. Kete hazina historia wala utashi, na hapana aulizaye ni nani aliyezipanga. Huyu ndiye Eisenhower aliyeandika baadaye, katika kumbukumbu zake za 1963, kwamba lau uchaguzi ungefanywa wakati wa mapigano, huenda asilimia 80 ya watu wangemchagua Ho badala ya Bao Dai. Uchaguzi ulioahidiwa Geneva ufanywe 1956 haukufanywa.

Riwaya ya Graham Greene, The Quiet American (1955), husifiwa kama utabiri. Sioni utabiri. Vita vilivyomo ni vya Wafaransa: rubani ni Mfaransa, polisi ni Mfaransa, naye Pyle anaingia na vilipuzi vyake katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Uzito wa riwaya umo katika kuuonyesha mshono huo. Udhaifu wake, ambao wahakiki wetu huupita kimya kimya, ni kwamba anayemkejeli mkoloni mpya ni Fowler, Mwingereza mwenye starehe zote za mkoloni mkongwe. Greene mwenyewe alikuja Kenya mwaka 1953 kuandika juu ya Mau Mau. Hakuwa mgeni wa himaya zinazokufa. Naye Phuong, Mvietnamu pekee aliyepewa nafasi ya kudumu, hupokezanwa baina ya wanaume wawili bila kuulizwa anafikiri nini. Mankiewicz alipoitengeneza filamu mwaka 1958, aliugeuza mwisho ili Mmarekani awe mtu safi na lawama ziwaangukie wakomunisti.

Kuna riwaya ya Bao Ninh, askari wa Kaskazini, iliyotolewa 1990 na kutafsiriwa kwa Kiingereza miaka michache baadaye. Kien, mhusika wake mkuu, haulizi Marekani ilikosea wapi. Yumo ndani ya lori msituni, pamoja na mifupa ya wenzake aliyotumwa kuikusanya, na usiku anafunga machela alale juu yake.