Mbio za porini Kibiti: Kabla ya medali, itafutwe njia ya kutokea

ALPHONCE Simbu alichukua dhahabu ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03. Jijini Tokyo, Septemba 15, 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule wa saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iamue. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Hata shabiki ambaye wikiendi yake ni Simba na Yanga tu, siku hiyo alikaa akaangalia kilomita 42 mpaka mwisho.

Mzuka huo umekuta nchi ambayo tayari inakimbia. Kila wikiendi kuna maratoni mahali fulani, kuna fulana, kuna medali, kuna watu wanaopiga picha alfajiri. Baada ya lami kinachofuata ni pori. Duniani huko wanakimbia ultramaratoni, yaani mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195, na nyingi kati yake hupita msituni, kwenye tope na mvua.

Ukizungumzia msitu wenye maji hapa nchini, Kibiti na delta ya Rufiji haziwezi kukosa kutajwa. Ni kama kilomita 140 tu kusini mwa Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa. Upande wa nchi kavu kuna misitu na vijia vya miguu. Upande wa bahari kuna mikoko inayofunika takriban hekta 50,000, kundi kubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Kwa macho ya mwandaaji wa mbio, hapo pesa ipo. Ndiyo maana hesabu yake ifanyike mapema, kabla mtu hajachapisha fulana.

MECHI NNE MFULULIZO

Kiungo anayejituma hukimbia kilomita 10 hadi 12 katika dakika 90. Ultra ya kilomita 50, ambayo ni fupi kwa viwango vya mchezo huo, ni sawa na mechi nne na zaidi bila mapumziko. Comrades ya Afrika Kusini ina kilomita karibu 90 na kikomo cha saa 12, tena hiyo ni ya lami. UTMB, inayozunguka mlima Mont Blanc barani Ulaya, inapita kilomita 170, na ukijumlisha vilima vyake vyote mkimbiaji anakuwa amepanda kama mita 10,000.

Faida yake kimichezo ipo. Victor Kiplangat wa Uganda alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 kule Premana, Italia. Mbio zile ni fupi kuliko ultra, lakini miguu aliijengea mlimani. Mwaka 2022 akashinda dhahabu ya maratoni ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, na aliyemaliza wa pili alikuwa Simbu. Mwaka uliofuata akatwaa dhahabu ya dunia Budapest. Hata hapa nyumbani yupo Simon Mtuy, ambaye mwaka 2006 alipanda na kushuka Kilimanjaro bila msaada kwa zaidi kidogo ya saa tisa. Miguu hatujawahi kukosa.

Tofauti na soka ni moja, na ndiyo nzito. Beki akigongwa uwanjani, machela inaingia ndani ya dakika moja na gari la wagonjwa liko nyuma ya goli. Porini mtu akiteguka kifundo kwenye kilomita ya 31, gari halifiki. Na mvua ikizidi, uwanjani kuna refa anayedundisha mpira. Usipodunda, mechi inaahirishwa. Msituni nani anadundisha mpira?

CHINA WALILIPA KWA WATU 21

Mei 22, 2021, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 huko Gansu, China. Mchana hali ya hewa ikageuka: upepo mkali, mvua ya barafu, baridi. Wengi walikuwa na kaptula na fulana, kwa sababu koti la upepo halikuwa la lazima. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye mlima ambao gari halipandi. Walikufa 21, akiwemo Liang Jing, mmoja wa mabingwa wakubwa wa ultra nchini humo. Sita waliokolewa na mchungaji wa kondoo aliyewaingiza pangoni na kuwawashia moto. Mwenyeji aliwafikia kabla ya kikosi cha uokoaji.

Kibiti haina baridi ya namna hiyo. Shida yake ni joto lenye unyevu, ambapo jasho linatoka lakini halikauki, na mwili haupoi. Halafu kuna ugonjwa wa majini. Mwaka 2000, mashindano ya Eco-Challenge katika misitu ya Borneo, Malaysia, yaliwapitisha washiriki kwenye mto Segama uliokuwa umejaa. Baadaye kati ya washiriki 189 waliohojiwa na wataalamu, 80 walikuwa na dalili za homa ya mgunda, ugonjwa unaobebwa na mkojo wa wanyama na kuingia mwilini kupitia michubuko na maji machafu.

Hilo si jina geni kusini. Julai 2022 Wizara ya Afya ilithibitisha homa hiyo Ruangwa mkoani Lindi, nyumbani kwa Namungo, baada ya watu 20 kuugua na watatu kufariki dunia. Mkimbiaji mwenye malengelenge anayekatiza madimbwi kwa saa nane anahitaji daktari anayelijua hilo kabla hajaanza, na namba ya kupiga siku kumi baadaye homa ikipanda.

RATIBA ANAIPANGA MTO

Aprili 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba yakazama, watu wakatolewa kwa boti. Mwezi huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima. Mei kikafuata Kimbunga Hidaya, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga, mbele kidogo ya Rufiji. Kwa hiyo masika, kuanzia Machi hadi Mei, haigusiki. Kilimanjaro Marathon yenyewe hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla mvua hazijachanganya.

Inabaki vuli, Oktoba hadi Desemba. Mvua zake ni za wastani, msitu unalowa bila kuzama. Lakini hapo napo kuna mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari katika pwani hii hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na kijia kilichokuwa kikavu asubuhi kinaweza kuwa mkondo mchana. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Mvuvi wa Nyamisati analijua hilo bila kuangalia simu. Mwandaaji atakayepanga tarehe kwa kumsikiliza mdhamini peke yake atakuwa ameanza vibaya.

Usiku nao usahauliwe. Ultra nyingi Ulaya hukimbiwa kwa tochi za kichwani. Rufiji ina mamba, na viboko hutoka majini gizani kwenda kula majani. Inayofaa hapa ni kilomita 50, kuanza alfajiri na kufunga kabla jua halijazama, kwenye vijia vya juu upande wa misitu. Mikoko iachiwe mitumbwi. Ni hifadhi ya serikali, hairuhusiwi kukatwa ili kufungua njia ya mashindano.

NANI ANALIPWA?

Vuli pia ndiyo wakati wakulima wa bondeni wanaandaa mashamba ya mpunga. Wengine bado wanajaribu kuinuka tangu maji ya 2024. Miguu mia tano ikipita shambani, hasara inabaki kijijini wakati medali zimeshapanda basi kurudi Dar. Kijiji kikae mezani tangu mwanzo, kipate sehemu ya kiingilio. Waongoza njia na wenye mitumbwi walipwe kama kikosi cha uokoaji, maana siku mambo yakiharibika wao ndio watafika wa kwanza, kama yule mchungaji wa Gansu.

Na vituo vya maji visifungwe bingwa akishapita. Oktoba 20, 1968, Mexico, John Stephen Akhwari aliingia uwanjani goti likiwa limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi Mamo Wolde. Walianza 75, waliomaliza ni 57, na yeye alikuwa wa 57. Tanzania inamkumbuka mpaka leo. Kibiti ikipata mbio zake, watu wa kwanza kuulizwa jioni wawe wale wenye orodha ya majina: nani bado yuko msituni, na nani ameenda kumfuata.