Mita Mia Tatu Kabla ya Kuvuka

Barabara ya Kenol–Sagana–Marua ina urefu wa kilomita 84 hivi. Ilipokuwa na leni mbili tu, mama aliyekuwa akipeleka viazi sokoni Karatina alivuka mara nyingi mbele ya foleni ndefu iliyokwama nyuma ya lori. Tangu upanuzi ulioanza mwaka 2020, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na serikali ya Kenya, mama huyo anavuka leni nne, na gari halina tena sababu ya kujikokota. Mwenye gari amefaidika. Anayevuka kwa miguu ameachiwa swali: lile linalokuja liko mbali kiasi gani?

Jicho hukosea hapo. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, alieleza sababu mojawapo ya watu kugongwa na treni waliyoiona ikija: kitu kikubwa huonekana kwenda taratibu kuliko kinavyokwenda. Trela ni hivyo hivyo, na meli pia. Nahodha wa jahazi anayekatiza mbele ya meli haamini kasi anayodhani ameiona. Hutazama upande meli iliko. Ikizidi kukua na upande ule haubadiliki, hatari ya kugongana ipo. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinasema hivyo, na katika mlango mwembamba zinamkataza mwenye tanga kuizuia meli isiyoweza kupita kwingine.

Mwenda kwa miguu hana kanuni ya namna hiyo mkononi, lakini hesabu anayo. Matatu au lori kwa kilomita 80 kwa saa, upeo wao kisheria, hula mita 22 kila sekunde. Gari dogo kwa kilomita 110 hula 30. Mtu mzima hukata leni mbili za upande mmoja kwa sekunde 6 hivi. Nyanya mwenye mzigo mgongoni huenda akahitaji 10. Katika sekunde hizo 10, gari dogo limeshamaliza mita 300.

Watoto wana shida zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Royal Holloway, Uingereza, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba watoto wa shule ya msingi hawawezi kutambua kwa uhakika gari linalowajia kwa zaidi ya kilomita 32 kwa saa. "Kulia, kushoto, kulia tena" haiwatoshi.

Ndiyo maana wakazi wa Sagana, Karatina na Marua, na wenzao wa Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki, wanaombwa waanze na kamba ya kupimia. Wazazi, walimu na wenyeviti wa steji za bodaboda wakutane kwenye kila mahali watu wanapozoea kuvuka, wapime mita 300 upande magari yanakotoka, kisha waiombe Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, isimamishe nguzo inayoonekana. Gari likiwa limeshaipita nguzo, hakuna kuvuka. Ukungu wa Julai ukiificha nguzo, watu wasubiri, wavuke kwa kundi wakiwa na mtu mzima. Penye daraja la miguu, lipandwe, hata kama mzunguko ni mrefu.

Vijana wa bodaboda wako steji tangu alfajiri. Wawili kwa zamu, wakiwa na jaketi za kung'aa, wanaweza kuvusha watoto asubuhi na jioni. Hakuna anayeijua barabara ile kuliko wao.

Abiria nao wana kazi. Watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika ndani ya matatu za Kenya, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva mzembe. Madai ya bima katika matatu hizo yalipungua kwa nusu au zaidi. Kutoka hapo ikazaliwa kampeni ya Zusha. Abiria wa barabara hii wazushe hasa gari linapokaribia vivuko.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma. Kila kijiji kiandike barua moja, yenye saini za wazazi, vipimo na picha za kivuko, ipelekwe KeNHA na nakala kwa bunge la kaunti kabla muhula ujao haujafunguliwa.